Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa: miguu ya wakulima wa Mbeya na Iringa

Baridi ya Juni na Julai ikishika Mufindi, Kilolo na milima ya Uporoto, familia hukusanyika jikoni kuzunguka moto. Miguu husogezwa karibu na mafiga. Kwa wengi wetu hilo si tatizo: joto likizidi, mguu unarudi nyuma wenyewe. Lakini wapo ambao mguu wao hausikii joto. Mtu wa aina hiyo hukaa pale pale mpaka harufu ya ngozi inayoungua imshtue, au mjukuu apige kelele: "Babu, mguu!"

Asubuhi babu anakuta lengelenge kubwa chini ya kidole gumba. Haliumi. Kwa kuwa haliumi, anavaa gambuti zake na kwenda kwenye kinyungu chake bondeni. Baada ya siku chache lengelenge linapasuka na kuwa kidonda. Nacho hakiumi. Wiki tatu baadaye kidonda kinanuka, mguu umevimba mpaka kwenye kifundo, na familia inatafuta nauli ya kwenda hospitali ya rufaa. Huko inaambiwa neno ambalo hakuna aliyelitarajia: kukatwa.

Babu huyu tumemchora kama mfano, si mtu mmoja tunayemfahamu. Lakini njia aliyopita ni ya kweli, na ni watu wengi wanaoipita. Tunachotaka kueleza leo ni hiki: mguu wa namna hii haupotei hospitalini. Unapotea kijijini, katika zile siku na wiki kati ya kidonda kuanza na mtu kupimwa sukari. Kwa hiyo hata kuuokoa ni kazi inayoanzia kijijini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji fedha nyingi.

Kwa nini mguu unakosa habari

Maumivu ni mlinzi. Ukikanyaga mwiba, mishipa ya fahamu hupeleka habari kichwani na wewe huinua mguu kabla hujafikiri. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huiharibu mishipa hiyo. Inaanza na ile mirefu zaidi, inayofika kwenye vidole na nyayo. Mtu huanza kusikia miguu ikichoma usiku, au kama anatembea juu ya pamba, au sindano zikimchoma choma. Baadaye hata hayo yanaisha, na mwenyewe anafikiri amepona. Hajapona. Mlinzi ameondoka.

Sukari hiyo hiyo huchangia kuziba mishipa ya damu, ili damu ya kuponya kidonda isifike vizuri. Pia hupunguza nguvu ya mwili ya kupambana na vijidudu. Ndiyo maana kidonda ambacho kwa mtu mwingine kingekauka kwa wiki moja, kwa mwenye kisukari kinaweza kwenda mpaka kwenye mfupa.

Tunasikia mara nyingi kwamba kisukari ni ugonjwa wa mjini na wa watu wenye fedha. Ni kweli kwamba mijini kipo kwa wingi zaidi. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini wana kisukari. Na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linakadiria kwamba barani Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu hawajui kuwa wanao. Wengine hugundulika siku wanapofika hospitali na mguu uliooza.

Ganzi ya miguu si ya kisukari peke yake. Ukoma huleta ganzi. Virusi vya UKIMWI navyo vinaweza kuharibu mishipa ya fahamu, jambo linalotuhusu sana kwa sababu Iringa na Mbeya zimekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi nchini. Unywaji wa pombe kupita kiasi kwa miaka mingi nao huleta ganzi. Kwa hiyo yeyote ambaye miguu yake imekufa ganzi ana sababu ya kusoma makala haya mpaka mwisho.

Shamba lenyewe linavyoumiza miguu

Kazi zetu ni za miguu. Katika mashamba ya mpunga ya Usangu wilayani Mbarali, na ya Pawaga mkoani Iringa, watu husimama majini kwa saa nyingi wakati wa kupandikiza na kupalilia. Ngozi kati ya vidole inalainika, inapasuka, na fangasi wanaingia. Katika mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi, gambuti hukinga mguu dhidi ya umande na nyoka, lakini ndani yake mguu unatokwa jasho kutwa nzima.

Wakati wa kiangazi vumbi hukausha visigino na magaga hujitokeza. Gaga likipasuka mpaka damu ionekane, hilo tayari ni kidonda. Kwenye nyumba zenye sakafu ya vumbi kuna funza, na kila anapotolewa kwa sindano au mwiba usio safi, anaacha tundu jingine. Ndala huacha kidole wazi kwa jembe na kisiki. Katambuga ni imara, lakini misumari yake hujitokeza ndani. Kiatu cha mtumba kilichonunuliwa kwa sababu ni kizuri, ingawa kinabana, hutengeneza sugu, na chini ya sugu huweza kufichwa kidonda.

Kwa mtu mwenye mguu unaosikia, haya yote ni usumbufu wa kawaida. Kwa mwenye ganzi, kila moja ni mlango.

Panya, paka na somo la ukoma

Kuna mlango mwingine ambao watu huona aibu kuusema. Mwaka 2005, Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari wa hapa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Panya alitafuna kidole, mwenye kidole hakuamka. Asubuhi ndipo alipoona damu kwenye shuka.

Hili halikuwa jipya. Miaka mingi kabla, daktari mpasuaji Paul Brand alifanya kazi na wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India. Watu waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Brand aligundua kwamba vidole vilipotea kwa sababu ya majeraha ambayo mgonjwa hakuyasikia: moto, msumari, kiatu kibaya, na panya usiku. Wagonjwa wakapewa paka wa kulala nao.

Kwetu, ambako gunia la mahindi mara nyingi hulala chumba kimoja na watu, somo hili si la kuchekwa. Mwenye ganzi alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, miguu ikiwa imefunikwa, na mahindi yahamishiwe mbali na kitanda. Paka naye ana kazi yake.

Siku zinazopotea

Tumfuate tena babu yetu. Kidonda kimeanza. Siku za kwanza zinapita kwa sababu hakiumi. Kisha yanaanza matibabu ya nyumbani: maji ya moto na chumvi, majivu, dawa ya meno, unga uliomwagwa kutoka kwenye kapsuli za duka la dawa. Baadhi ya hivi huchoma ngozi zaidi, na maji ya moto kwa mguu wenye ganzi ni hatari kama moto wenyewe.

Wiki ya pili kidonda hakijapona, na maneno yanaanza. Wapo wanaosema ni kidonda ndugu. Wapo wanaosema amekanyaga mtego wa mtu, ndiyo maana kimetokea unyayoni. Hatuko hapa kumdharau anayefikiri hivyo. Kidonda kinachokua bila maumivu ni kitu cha kushangaza, na binadamu hutafuta sababu. Tunachoomba ni kimoja: sukari ipimwe kwanza, siku hiyo hiyo. Kipimo hicho hakimzuii mtu kwenda kwa mzee wake. Lakini kuanza huko kwingine bila kupima kunakula siku ambazo mguu hauna.

Wiki ya tatu anafika zahanati. Kidonda kinasafishwa, kinafungwa, anapewa dawa na kuambiwa arudi baada ya siku kadhaa. Kama hakuna aliyempima sukari, chanzo kimebaki pale pale.

Hapa ndipo tunaona udhaifu wa mfumo, na si wa babu peke yake. Zahanati zetu zilijengwa kwa ajili ya homa, uzazi na chanjo, na kazi hiyo imeokoa maisha mengi. Leo mtu akifika na homa, muuguzi anamtoboa kidole na tone la damu linapimwa malaria kwa dakika chache. Kupima sukari kunahitaji tone lile lile la damu, kutoka kidole kile kile. Tofauti ni kwamba homa inatukumbusha malaria, lakini kidonda cha mguu bado hakitukumbushi sukari.

Wataalamu wa kisukari wanasema kwamba katika kila watu 100 wenye kisukari wanaokatwa mguu, takriban 85 walianza na kidonda. Maana yake ni kwamba kwa wengi kulikuwa na muda. Mlango ulikuwa wazi, ila hakuna aliyeingia.

Tanzania iliwahi kuonyesha njia

Mwaka 2004, Tanzania na India zilianza mradi wa miguu ya wagonjwa wa kisukari uliojulikana kama "Step by Step", yaani hatua kwa hatua. Hapa nchini uliongozwa kutoka Muhimbili na Daktari Abbas tuliyemtaja. Daktari na muuguzi kutoka kituo kimoja walifundishwa pamoja: kukagua miguu, kupima ganzi, kukwangua sugu, kusafisha kidonda na kumfundisha mgonjwa. Walipewa vifaa vya msingi, wakarudi kwenye vituo vyao kufanya kazi na kuwafundisha wenzao, kisha wakaitwa tena kwa mafunzo ya juu zaidi.

Ripoti ya mradi iliyochapishwa mwaka 2011 ilieleza kwamba matunzo ya wagonjwa wenye vidonda vya miguu yaliboreka. Hakukuwa na mashine kubwa wala dawa ya ajabu. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye kisukari alivuliwa viatu na miguu yake ikatazamwa.

Kwa hiyo elimu ipo, na ipo kwa Kiswahili na kwa mazingira yetu. Swali la leo ni namna ya kuishusha kutoka hospitali mpaka zahanati, na kutoka zahanati mpaka mlangoni kwa babu.

Dakika tano kila jioni

Hatua ya kwanza iko mikononi mwetu. Ukishatoka shamba, kabla ya chakula cha jioni, fanya hivi.

Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Kama una ganzi, usijaribu maji kwa mguu wako. Tumia kiwiko, au mwombe mtu mwingine ayajaribu. Usiloweke miguu kwa muda mrefu. Kausha vizuri, hasa kati ya vidole.

Kagua juu, chini, visigino na kila upenyo wa vidole. Kama huwezi kuona unyayo wako, piga picha kwa simu, au mwombe mjukuu akumulikie tochi. Picha ya leo ukiilinganisha na ya juzi, utaona kama kuna kinachobadilika. Tafuta wekundu au weusi, uvimbe, lengelenge, mpasuko, usaha, au sehemu iliyo ya moto kuliko mguu wa pili.

Paka mafuta ya mgando kwenye visigino na nyayo ili magaga yasipasuke. Usipake kati ya vidole, kwa sababu unyevu huo ndio fangasi wanautaka. Kata kucha kwa kufuata mstari ulionyooka, usichimbe pembeni. Sugu usiikate kwa wembe. Ipeleke kwa mtaalamu.

Usitembee peku, hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa kiatu, kikung'ute na uingize mkono ndani: unaweza kukuta jiwe, msumari au mdudu. Unaponunua kiatu Mwanjelwa au kwenye mnada wowote, nenda jioni, wakati miguu imevimba kidogo. Mwenye ganzi achore unyayo wake kwenye boksi gumu, aukate na aende nao sokoni. Boksi likijikunja ndani ya kiatu, kiatu hicho kinabana, hata kama mguu unasema kinatosha.

Wakati wa baridi, vaa soksi safi na ujifunike blanketi. Usiotee moto kwa miguu.

Kipimo cha vidole sita

Unaweza kupima ganzi nyumbani bila kifaa chochote. Kipimo hiki kilianzia hospitali ya Ipswich, Uingereza, na kilichapishwa mwaka 2011. Anayepimwa alale, avue soksi na afumbe macho. Wewe gusa ncha ya kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho, kwa miguu yote miwili. Vitakuwa vidole sita. Gusa kwa wepesi, kama unyoya umetua, kwa sekunde moja au mbili. Usibonyeze, usipapase, usirudie. Yeye aseme "kulia" au "kushoto" kila anaposikia.

Asiposikia vidole viwili au zaidi kati ya sita, huenda ana ganzi. Aende zahanati akapimwe sukari na kukaguliwa miguu, hata kama hana kidonda.

Kidonda kikishatokea, kioshe kwa maji safi na sabuni, kifunike kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya leo au kesho, si wiki ijayo. Ukifika, sema wazi: "Naomba nipimwe na sukari." Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Ukiona usaha, harufu, weusi, uvimbe unaopanda au homa, hiyo ni dharura. Usisubiri siku ya kliniki.

Kuna jambo moja gumu zaidi ya yote. Kidonda cha unyayo hakiponi kikiendelea kukanyagwa. Mgonjwa anahitaji kupumzisha mguu, pengine kwa wiki nyingi. Lakini kwa kuwa haumwi, anaonekana mzima, na majirani watasema ni mvivu. Hapo familia ndiyo dawa. Mtu mwingine ashike jembe msimu huo, mgonjwa akae. Msimu mmoja wa kukaa ni nafuu kuliko miaka yote ya kutembea kwa magongo.

Tuulize nini kwenye mkutano wa kijiji

Hatua ya pili ni ya pamoja. Tarehe 31 Januari 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alizindua jijini Dar es Salaam mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Hawa ndio watu wanaobisha hodi nyumbani. Mhudumu anayeweza kugusa vidole sita na kuuliza "kuna kidonda?" anaweza kumwona babu siku ya tatu badala ya wiki ya tatu. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mhudumu wa kijiji chetu amefundishwa kukagua miguu?

Swali la pili linahusu fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati na kituo cha afya. Matumizi hupangwa na kituo pamoja na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Wananchi wana haki ya kuiuliza kamati yao: mashine ya kupimia sukari ipo? Inafanya kazi? Vipimo vyake vimenunuliwa vya kutosha mpaka robo ijayo?

Swali la tatu: mtu akifika na kidonda cha mguu kisichopona, je, ni utaratibu wa zahanati yetu kumpima sukari papo hapo, au ni bahati yake?

Mkutano wa kijiji kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Huko ndiko maswali haya yanakotakiwa kuulizwa, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na ni haki ya kila mtu kufuatilia utekelezaji wake. Lakini bima inaweza kulipia kitanda, dawa na hata upasuaji. Haiwezi kurudisha wiki tatu zilizopita. Wiki hizo tunazo sisi wenyewe, nyumbani na zahanati.

Usiku wa leo, kabla redio haijazimwa, mwombe babu au bibi avue soksi. Washa tochi ya simu. Tazama chini ya nyayo. Ukikuta kidonda ambacho yeye mwenyewe hakijui, usimwulize kama kinauma. Kesho asubuhi mpeleke akapimwe.